Upande wa Kushoto wa Kinyozi

9 Februari

Mpenzi Chiriku,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kudhani kwamba macho ndiyo yanayouongoza mwili. Kwamba jicho huona kwanza, kisha shingo na mikono hufuata nyuma kama watoto wa shule nyuma ya mwalimu wao. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu, jambo ambalo marehemu bibi yako asingenisamehe, kwa sababu nimeisoma barua yako yote na kila ukurasa umejaa kosa hilo.

Sasa salamu. Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika nikipanda ngazi na linanyamaza nikishuka, kwa hiyo nimelishauri lihamie ghorofa ya chini, nami nitabaki huku juu peke yangu. Jirani wa juu amenunua tarumbeta. Mwalimu wa kumfundisha bado hajampata. Nimefurahi kusikia kwamba tanuri jipya limefika hapo kiwandani kwenu na kwamba huunguzi tena vidole. Mkate wenyewe utanitumia lini?

Niruhusu nirudie uliyonieleza, nione kama nimeyaelewa. Baba yako, mdogo wangu wa mwisho, alipata kiharusi mwezi wa kumi na moja. Amerudi nyumbani, anatembea, na anaongea kuliko zamani, jambo ambalo sikudhani lingewezekana. Mkono wa kushoto umelegea kidogo lakini unashika. Daktari wa macho amempima na kusema macho ni mazima. Na bado anakula nusu ya kulia ya sahani, kisha analalamika kwamba anapunjwa. Ananyoa shavu moja, anatoka nje kifua mbele. Na siku ile aliyojaribu kurudi kazini, yeye ambaye mikono yake imepita juu ya vichwa vya mji mzima, alimnyoa karani wa mahakama upande mmoja tu, akamkung'uta nywele mabegani, akamshikia kioo na kumwambia, "Umekuwa kijana, bwana." Karani akatoka amevaa kofia ya mtu mwingine.

Nilicheka, siwezi kukuficha. Kisha nikaacha kucheka, maana chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayenong'ona, umeandika kwamba mshirika wake, Bwana Kipara, atampa mtu mwingine kiti cha baba yako kama hatarudi kazini kufikia katikati ya mwaka. Mdogo wangu bila kile kiti simjui. Sidhani kama yeye mwenyewe anajijua.

Sasa, nyinyi hapo nyumbani mnafanya nini? Mnasimama mbele yake mnapaza sauti: "Baba, tazama kushoto!" Naye anajibu, "Si natazama!" Wala hasemi uongo. Fikiria mtu anayesoma gazeti lililokunjwa katikati bila kujua kwamba limekunjwa. Kwake, gazeti limeishia pale. Ubongo wa baba yako umeacha kuuhesabu upande ule, na huwezi kumwamrisha mtu atazame mahali ambapo kwake hapapo.

Kwa hiyo tuyaache macho, tupitie mlango wa uani. Hebu tufikirie kidogo. Umekaa mezani unaandika. Mbu anatua kwenye kifundo cha mguu wako, chini ya meza. Hujamwona, hujamsikia. Lakini macho yako yameshashuka, tena yamekwenda kwenye mguu wenyewe, si kwenye ule mwingine, si kwenye mguu wa kiti. Nani aliyeyaambia? Ngozi ilisema, "Nimeguswa." Mwili, ambao wakati wote unajua umejikunja vipi, ukaongeza, "Mguu huo sasa hivi uko pale." Macho yakaondoka na habari hiyo. Nimewafundisha wauguzi jambo hili mpaka nikastaafu na bado linanifurahisha: jicho tunaliona mkurugenzi, kumbe mara nyingi ni tarishi.

Basi jaribu hivi. Kabla hujamwomba atazame kushoto, mguse mkono wa kushoto. Taratibu, kwa kiganja kizima, usimshtue. Kisha ngoja. Ngoja zaidi ya unavyodhani inatosha. Siahidi muujiza: wapo wanaosaidika sana na wapo wanaosaidika kidogo, na mazoezi aliyopewa hospitalini yasiachwe hata siku moja.

Usimwambie kwamba ni mimi. Unajua alichosema mara ya mwisho, maana ulikuwepo: kwamba yeye si mwanafunzi wangu, na nisikanyage tena kwake na ubao wangu. Msalimie wifi yangu.

Shangazi yako

Unauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Simu hukatika kila nikifika kwenye jambo la maana. Barua haijawahi kunikata kauli.


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema goti ulikande kwa maji ya moto na uache kulipa ushauri. Tanuri jipya linalia king'ora kila mkate ukiiva, na mlinzi wa getini bado hajazoea. Kikilia tu, anatutoa wote nje. Mkate wako uko njiani. Ulikuwa njiani, yaani. Nilipofika posta nikaambiwa vyakula havipokelewi, nikaula kwenye ngazi.

Habari za baba. Nimefanya kama ulivyosema na sijaona lolote. Samahani kwa kuliandika kavu hivyo.

Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikaja upande wake wa kushoto, nikaushika ule mkono kwa kiganja kizima, nikangoja. Akageuka kulia.

"Nani huyu ananishika?"

"Ni mimi, baba."

"Basi jitokeze nikuone. Unanivizia kama mwizi wa kuku?"

Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, Shangazi, karibu nimkanyage. Nikarudia jioni. Nikarudia kesho yake. Kila nikimgusa, macho yanakwenda kulia. Mama anasema afadhali tumwache alivyo. Anasema nyumba tumeshaizoesha: redio iko kulia, glasi kulia, kitanda tumekigeuza ili mlango uwe kulia, na wageni wote tunawakalisha kulia. Hata dukani tuliomba ruhusa, tukahamishia mashine, mikasi na vitana vyote upande wa kulia wa kioo. Baba amefurahi sana. Anasema siku hizi vitu havimpotei.

Bwana Kipara alikuja kumjulia hali Jumapili. Kwa bahati mbaya alijikalia mwenyewe upande wa kushoto. Wakaongea vizuri, kisha wakanyamaza kidogo. Baba akaniinamia akanong'ona, kwa ile minong'ono yake inayofika barabarani, "Yule kipara kaondoka? Maana alianza kunichosha."

"Bado nipo," Bwana Kipara akasema.

Jina hilo, kumbe, hakuwa akijua kwamba tunalitumia.

Wakati wa kutoka aliniambia mlangoni, wala si kwa ubaya, "Chiriku, mwisho wa mwezi wa sita. Zaidi ya hapo siwezi. Wateja wanaogopa, mwanangu. Wakimwona akishika mashine wanakumbuka shughuli nyingine."

Hujaniuliza kama baba amekutaja. Basi na mimi sisemi.

Mwanao,
Chiriku


12 Machi

Mpenzi Chiriku,

Marahaba. Goti limekandwa, ushauri wa wifi nimeupokea nusu. Tarumbeta imejifunza sauti moja na hatunyimwi kuisikia. Pole kwa mkate. Na mpe Bwana Kipara pole zake.

Nina swali, nalo ni fupi kuliko kawaida yangu. Ulipomgusa, ule mkono ulikuwa umelala wapi?

Siulizi ni mkono upi. Nauliza mahali. Na nitabahatisha jibu: mama yako, kwa huruma, ameuweka juu ya mto mapajani, umevuka kuelekea kulia, ili mtu asiugonge akipita. Kama nimekosea, barua hii ichane. Kama nimepatia, endelea kusoma.

Kaa mezani na uvukishe mikono yako, wa kushoto ulale kulia na wa kulia ulale kushoto. Fumba macho. Mwambie mfanyakazi mwenzako akuguse kidole cha mkono mmoja bila kukutajia upi, nawe ufumbue na kukitazama papo hapo. Rudieni rudieni. Mara nyingine utahisi macho yameanza safari kwenda upande usio, kisha yakajirudi njiani yenyewe. Ni safari fupi mno, lakini wanaopima mienendo ya macho wameishuhudia. Ngozi hupiga kelele kwanza: "Mkono wa kushoto!" Macho yanatimka kushoto. Halafu mwili, wenye hesabu ndefu zaidi, unasema, "Sawa, ni wa kushoto, lakini leo umelala kulia." Macho yanageuza. Kila mguso, kwa hiyo, una maswali mawili ndani yake: ni kiungo gani, na kiko wapi. Kuijua ngozi hakutoshi. Macho mwishowe hukaa pale kiungo kilipo.

Sasa umwangalie tena baba yako. Mkono wake mmeuhamisha, kama mlivyohamisha redio na glasi. Ulipomgusa, mwili wake ulijibu kwa usahihi kabisa: "Nimeguswa, huku kulia." Akageuka kulia. Hakukosea lolote. Mmemhamishia dunia nzima upande mmoja kwa mapenzi, na mkono nao mkaufungia virago.

Utoeni mto. Mkono ukae kushoto kweli kweli, juu ya meza, nje ya bega lake. Na usimguse wewe tu. Mwombe aufanyishe kazi mwenyewe. Agonge meza, akune kitambaa, afumbe na kufumbua kiganja. Mwili unaojisogeza wenyewe una sauti kubwa kuliko mwili unaosogezwa. Kisha rudisheni vitu kushoto, kimoja kimoja, wala si vyote kwa siku moja. Ni mgonjwa, si mtahiniwa.

Hili la mahali nilipaswa kulitaja kwenye barua ya kwanza. Nilinogewa na yule mbu.

Shangazi yako


2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Najua nimekaa kimya na najua unajua kwamba najua. Sisi wazima. Mama anauliza goti.

Barua yako niliisoma kiwandani wakati wa mapumziko, nikamwita yule dada anayekanda unga tukavukisha mikono juu ya meza ya kukandia. Akanigusa kidole. Macho yangu yakaenda huku yakarudi huku, naye akacheka mpaka unga ukamwingia puani. Sasa kiwanda kizima kinavukisha mikono. Msimamizi alidhani ni mgomo.

Nyumbani hakukuwa na cheko. Nilipomwambia mama kwamba tuutoe ule mto, aliniangalia kama nimemtukana.

"Mkono huu nimeutunza tangu wodini. Nimeuosha, nimeulaza. Leo unaniambia mimi ndiye niliyemharibu?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Shangazi yako amesema hivyo?"

Akaingia jikoni na hakutoka mpaka jioni. Ndiyo maana sikukuandikia. Ningeandika nini? Mto ukabaki mapajani kwa baba, na mimi nikabaki kuutazama. Kisha siku moja nikarudi kutoka kazini, nikakuta mto haupo. Mama ameukalia.

"Kiti kigumu," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tukauweka mkono wa baba juu ya meza, kushoto kabisa. Nikamwambia, "Baba, gonga meza."

"Nigonge kwa nini? Mimi hakimu?"

"Gonga tu."

Akagonga kwa vidole, vile anavyogonga kitana kwenye ukingo wa sinki kutoa nywele. Akagonga tena. Halafu shingo ikageuka, Shangazi. Polepole, kama mlango uliokaa bila mafuta. Akaviona vidole vyake. Akavitazama kwa muda, kama mtu aliyekutana na jamaa stendi. Kisha macho yakashuka kutoka kwenye vidole mpaka kwenye sahani.

"Kumbe viazi vilikuwa huku!" Akamkazia mama macho. "Mlikuwa mnanificha?"

"Tulikuwa tunakuwekea," mama akasema, akainuka haraka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Si kila siku. Siku nyingine anagonga mpaka jirani anaitikia "karibu", na shingo haigeuki. Akichoka, kushoto kunapotea tena. Lakini asubuhi nyingi anagonga kabla ya kula bila kuambiwa. Redio imerudi kushoto. Mashavu yote mawili yamenyolewa. La kushoto amelikata kidogo, na anamwonyesha kila mgeni.

Aliniuliza nani kanifundisha mambo haya. Nikasema nimeyasikia redioni.

"Redio gani hiyo," akasema, "inayosema 'hebu tufikirie kidogo'?"

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo mama alikuwa ameshaviosha.

Shangazi, mwezi wa sita unakuja. Na wewe utakuja lini?

Mwanao,
Chiriku


11 Mei

Mpenzi Chiriku,

Marahaba, na mkumbatie wifi yangu kwa niaba yangu. Mwambie kwamba mkono ulitunzwa vile, ndiyo maana leo unaweza kugonga meza. Mikono mingi iliyopuuzwa huganda. Hilo ni kweli, sisemi kwa kumbembeleza.

Hiyo redio siijui, ingawa mtangazaji wake anaonekana ana busara.

Sasa tuende dukani. Kichwa cha mtu si sahani ya viazi. Kinatikisika, kinapiga chafya, kinauliza matokeo ya mpira. Nadhani tangu augue, baba yako ananyoa kwa mkono wa kulia peke yake na kuuacha wa kushoto ukining'inia. Basi wa kushoto ndio uanze. Asimame nyuma ya mteja. Nyuma, Chiriku, si mbele. Akisimama mbele, kushoto kwa mteja ni kulia kwake, na mambo yataingiliana. Kabla mashine haijawashwa, kiganja cha kushoto kikae juu ya sikio la kushoto la mteja. Kila mkono wa kulia unapotaka kwenda, wa kushoto uwe umeshafika na unausubiri. Macho yatakuja yenyewe. Yana tabia ya kwenda kwenye mkusanyiko.

Aanze na kitu kisichoweza kwenda kusimulia mtaani. Nunueni boga kubwa, mlipake povu la sabuni lote, alinyoe kwa mgongo wa kitana. Povu litakalobaki litawaambia alipopasahau, na boga halitahitaji kofia.

Umeniuliza mwishoni nitakuja lini. Tarumbeta inaendelea vizuri.

Shangazi yako


16 Juni

Shikamoo Shangazi,

Wazima sote. Hiyo tarumbeta nimeielewa.

Boga lilinunuliwa siku ileile barua ilipofika, na baba akalipa jina kabla hata ya kulipaka povu. Unalijua jina. Siku ya kwanza alilinyoa nusu na kuliambia limekuwa kijana. Mama akamgeuzia ule upande wa pili. Baba akatazama lile povu, akaweka kiganja cha kushoto juu yake na kuanza upya. Tuliendelea hivyo kila mchana nilipotoka kazini. Kufikia mwisho wa mwezi lilikuwa linatoka linang'aa, na siku moja Bwana Kipara mwenyewe akaingia akalikuta limevikwa kitambaa shingoni.

"Huyu nani?"

"Ndugu yako," baba akasema. "Amekuja kukutafuta."

Bwana Kipara alicheka, Shangazi. Nadhani ndipo alipomsamehe ule mnong'ono. Akasema atamtafuta mtu mwenye kichwa cha kweli na moyo mgumu. Ijumaa akaja naye. Alikuwa yule karani wa mahakama.

Walishusha pazia la duka. Karani akakaa, akafungwa kitambaa.

"Nimekuja kuchukua nusu yangu iliyobaki," akasema.

"Nilikutunzia," baba akasema. "Tulia sasa."

Kiganja cha kushoto kikaenda sikioni.

"Mbona unanipapasa kama tikiti?"

"Mkono unatangulia kukagua. Huko mahakamani hamkagui?"

Mashine ikawashwa. Sote tulikuwa tumesimama ukutani, mama ameushika mkono wangu mpaka vidole vimekufa ganzi. Nikaona macho ya baba yanavuka, Shangazi. Yanatoka kulia, yanapita utosini, yanashuka kushoto mpaka kwenye kile kiganja, yanarudi. Alinyoa kulia. Alinyoa kushoto. Alinyoa kisogo na kupiga mstari shingoni kama wa rula. Akamkung'uta, akavua kitambaa, akashika kioo.

Nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa kumebaki shungi la nywele, kubwa kama kidole gumba.

Bwana Kipara akamwelekeza. Baba akaweka kidole pale. Akalipapasa. Akalinyoa vizuri, akamshukuru karani, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na kutazama sakafu.

"Kwangu mimi imetosha," Bwana Kipara akasema. "Wangapi wanaacha shungi na hawajaugua chochote? Fungua Jumatatu. Kiti ni chako."

Lakini sasa anayekataa ni baba, na hili sikulitegemea. Zamani hakujua anachokikosa, alikuwa na raha zake. Sasa anajua. Jumatatu imepita. Anaamka, anavaa, anakaa dirishani na koti lake la kazi mapajani. Bwana Kipara amesema ile tarehe yake haijabadilika, na mimi simlaumu, wateja wamejaa na yuko peke yake.

Jana baba aliniambia, "Nilipomaliza, niliona nimemaliza. Niliona kwa macho yangu haya. Sasa, kama macho yananiambia nimemaliza wakati sijamaliza, nitajuaje nimemaliza?"

Nikalichukua koti lake, nikaanza kulikunja upya.

"Iulize redio," akasema. Kisha akajisahihisha: "Muulize dada."

Neno hilo hajalitamka tangu siku ile. Akasema pia kwamba uje, na ubao wako uuache huko huko. Nimeandika kama alivyosema.

Mwanao,
Chiriku


23 Juni

Mpenzi Chiriku,

Marahaba, salamu kwa wote, goti ni lilelile. Barua hii msomee baba yako kwa sauti, na akikukatiza mwambie barua haikatizwi.

Mdogo wangu,

Umeuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza, na ningekuwa bado nafundisha ningelitungia mtihani. Utajuaje umemaliza, kama macho yanakwambia umemaliza wakati hujamaliza? Hutajua kwa macho. Wala usidhani ni msiba wako peke yako. Macho ya kila mtu hutangaza mwisho mapema. Ni mepesi, yana haraka, hayapendi kurudi yalikopita. Mtazame seremala akimaliza kupiga msasa. Anageuza uso, anaanza stori na mteja, na huku kiganja chake kinapita juu ya mbao. Hatazami. Kiganja kikikwama, ndipo macho yanaitwa kuja kuona kuna nini. Binti yako naye anajua kwamba mkate huubonyeza. Rangi peke yake imeshawatia wengi aibu.

Na wewe ulishalipata jibu pale dukani, ila huzuni ilikuziba. Bwana Kipara alikuelekeza lile shungi, nawe hukulitazama kwanza. Uliligusa kwanza. Ukishaligusa, ukaliona, ukalinyoa. Umefanya ninachokuambia kabla sijakuambia.

Basi ongeza jambo moja tu. Kabla hujavua kitambaa, weka mashine chini, uzime kabisa. Simama nyuma ya mteja. Kiganja cha kushoto kianzie sikio lake la kushoto, nyuma ya sikio hasa, kipande juu, kivuke utosi, kishuke mpaka sikio la kulia. Polepole. Pakikwaruza, rudi. Pakiteleza pote, umemaliza, hata kama macho yana maoni mengine. Wateja wasikutie wasiwasi. Watadhani ni huduma mpya, na wa maduka mengine wataanza kuidai.

Kuna siku utaacha shungi. Utakapochoka, kushoto kutafifia, na siku hiyo uvue koti urudi nyumbani bila kumwomba mtu radhi. Sitakudanganya kwamba utapona kabisa. Pengine utapona, pengine sehemu fulani itabaki hivi. Lakini kinyozi hahitaji upande wa kushoto uliopona kabisa. Anahitaji kujua namna ya kuufikia, na wewe unajua. Ukikaa dirishani na mkono mapajani, kila siku njia hiyo itaota majani, na woga utakuwa na haki ya kukaa.

Ninakuja. Basi la Alhamisi, goti na mimi. Ubao nimemwachia jirani, ajifunzie kuandika nyimbo zake. Chaki mfukoni siiahidi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikishanyolewa, maana nywele zimekuwa ndefu na huku sijampata mtu wa kumwamini.

Lakini msinisubiri mimi. Alhamisi ni mbali, na mwisho wa mwezi hauko mbali. Chiriku, kunja barua, mpe baba yako koti lake, na leo fungueni duka.